Bi Upole Juu ya Meza Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Nimefika kazini nikakuta kisanduku juu ya meza yangu. Cheusi, kidogo, kama kopo la biskuti lililonyimwa biskuti. Hakina mdomo wala masikio. Tena kimechomekwa kwenye soketi yangu, ile ninayochemshia maji ya chai.

Nikauliza ni mzigo wa nani. Meneja akasema huyo ni msaidizi wangu. Mashine. Ina akili, akasema. Itapokea simu za wateja wanaolalamikia maji, itawasikiliza, itawajibu. Nikamwuliza, kwa heshima zote, mimi nitakuwa nafanya nini wakati huo. Akasema tutaangalia. Mama yule akisema tutaangalia, mtu aanze kukusanya vitu vyake.

Baadaye ukweli ukatoka wote. Ni majaribio mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Mashine ikifaa, meza ya malalamiko inakuwa yake. Mimi nahamia ghala la mabomba. Ghala! Chini ya Bwana Ghala, mtu tuliyeajiriwa naye siku moja na ambaye tangu siku hiyo hatujakubaliana hata kama mvua inanyesha au hainyeshi. Kule hakuna dirisha. Kuna mabomba, na kuna yeye.

Meza hii nimeikalia tangu nina nywele. Kiti kimechukua umbo langu, mwingine akikikalia ataumia mgongo. Machungu yote ya maji ya mji huu yamepitia sikio langu la kushoto. Leo naambiwa kopo lina akili.

Jioni nikamsimulia mke wangu. Yeye hushona sare za shule sebuleni, kwa hiyo hunisikiliza akiwa na pini mdomoni, jambo linalompunguzia maneno. Nikamwambia mashine haiwezi kuwa na akili hata siku moja. Akili ni uzoefu, akili ni uchungu. Wenyewe wanaiita akili bandia. Wamekiri wenyewe! Bandia!

Mama mkwe anakaa nasi, na husikia kile anachotaka kusikia. Hili alitaka.

"Mkwe," akasema kutoka kwenye kochi, "haya meno yangu ni ya bandia. Lakini nyama natafuna mwenyewe."

Mke wangu alicheka hadi akatema pini. Nimeingia kulala bila kujibu. Si kwamba sikuwa na jibu. Lilikuwa bado halijafika.

Jumanne, 4 Machi

Kazini wameshakipa jina. Bi Upole. Eti kwa sababu ya sauti. Ni sauti ya mwanamke aliyelala vizuri, akaamka, akakuta kuna mtu ameshapika chai. Binadamu wa kweli hana sauti hiyo. Mimi nitaendelea kukiita kisanduku.

Nimekisikiliza siku nzima. Mteja anapiga, anafoka kwamba bomba halitoi kitu. Kisanduku kinampa pole. Kinamwuliza anakaa wapi, maji yamekatika tangu lini, je, jirani anapata? Halafu kinapeleka habari kwa mafundi. Basi! Hakuna ufundi wowote hapo. Mteja anapewa alichotaka palepale, kama mtoto anayedekezwa.

Mimi nina sentensi nne nilizozinoa miaka yote hii. Malalamiko yako yamepokelewa. Suala lako linashughulikiwa. Mafundi wako njiani. Piga tena kesho. Kwa hizo tu nimewatuliza watu walioapa kuja kunikunja shati. Hiyo ndiyo akili. Mwenye akili anajua mtu anahitaji kusikia nini. Kukimbilia kumpa maji, yeyote anaweza.

Bwana Ghala amekatiza mezani kwangu asubuhi yote, hana shughuli. Akaniambia ameshanifutia kiti vumbi. Nikamwambia akikalie mwenyewe. Akasema cha kwake kizima anacho, hicho ni kile kibovu.

Mpango: kesho nakiumbua. Nakipigia simu kama mteja, nakiuliza maswali yanayotaka akili ya kweli. Kitababaika, Meneja atasikia, habari itaishia hapo.

Jumatano, 5 Machi

Nimejifungia chumba cha mafaili. Leso mdomoni, sauti ya bibi kizee. Nilikuwa bibi mzuri sana, hilo niliweke wazi kabla sijaeleza yaliyofuata.

Nikakiuliza kama maji yanajua yanakokwenda. Kikasema swali hilo ni zuri, ila hakijui. Nikakiuliza kama kina akili. Kikasema hilo nalo hakina hakika nalo, kinachoweza ni kusikiliza na kupeleka habari, na kama bibi ana shida ya maji basi kiko tayari. Nikakiuliza kikizimwa kinakwenda wapi. Hakijui.

Hakijui, hakijui, hakijui! Mimi tangu niajiriwe sijawahi kumwambia mteja neno hilo. Mteja akikuuliza, unajibu. Kama jibu ni la kweli au si la kweli, hilo ni suala jingine na lina ofisi yake.

Nikawa nimeshafurahi, nikijua sasa kila mtu ataona upungufu wa kitu hiki. Ghafla kikaniuliza, bibi, mbona unasikika kama unakosa pumzi? Kuna mtu karibu nawe? Nikasema niko peke yangu, niache. Nikakata.

Kumbe kimeona simu inatoka ndani ya jengo letu hili hili. Kikawaambia mapokezi kuna mama mzee amekwama mahali na anapumua kwa shida. Wakaanza kufungua milango. Aliyefungua wa chumba cha mafaili alikuwa Meneja mwenyewe, nyuma yake mlinzi kabeba machela.

Nikasema ni jino.

Meneja alinihurumia sana. Akanipa ruhusa ya kwenda kulitibu, nisirudi mpaka kesho. Kisanduku kikashika meza peke yake mchana mzima na, kwa habari nilizopata, hakuna aliyegundua kwamba sipo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimerudi na pamba shavuni, kwa ajili ya ushahidi.

Na nimeipata siri! Kisanduku kimeletwa na Dada wa Kompyuta, mwanamama mtulivu anayeshinda koridoni na vile visikizio vikubwa shingoni. Ukimpa karanga anakueleza chochote. Nimempa karanga. Akanieleza kwamba kisanduku bado kinajifunza hapa hapa kazini. Kikitoa jibu na mteja akafurahi, kinalishika. Mteja akikigombeza, kinaliacha.

Nikauliza, mteja yeyote? Yeyote. Nikauliza, hata mwongo? Yaani hakiwezi kumtambua mwongo? Akanitazama, akatazama pamba.

"Kwani kaka, wewe unaweza?"

Nilimwachia karanga, nikaondoka na siri yangu.

Mpango, na huu sasa ni mpango wenyewe: nitakifundisha upumbavu. Nitakuwa wateja wengi. Kikisema la maana, nakifokea. Kikisema la ovyo, nakipamba kwa sifa. Mpaka siku ya uamuzi kitakuwa zuzu kamili, na Meneja atakirudisha kilikotoka.

Nimemwomba mke wangu naye awe mteja mmoja wawili. Akasema ana kola za kumaliza. Mama mkwe ameniazima simu yake bila kuuliza sababu, ila ametaka irudi na chaji.

Ijumaa, 7 Machi

Nimechoka kama watu wengi, kwa sababu leo nimekuwa watu wengi.

Nilijificha chini ya ngazi za jengo la jirani, kazini nikiwa nimeaga kwamba jino limerudi. Nimekuwa muuza nyama. Nimekuwa mjane. Nimekuwa askari mstaafu mwenye bustani. Nimekuwa mwenye nyumba ya wageni, na huyu alinipendeza hadi nikamrudia.

Kikaniuliza nakaa wapi, nikafoka, unanipeleleza? Kikasema mafundi wanafika leo, nikafoka, nani kawaita, nimevaa nguo ya nyumbani? Mwanzoni kilikuwa king'ang'anizi. Kila nikifoka kinaomba radhi na kurudi palepale kwenye anakaa wapi na tangu lini. Nikaona hapa pana haja ya mwalimu. Nikakielekeza taratibu, kama mtu mzima anavyomwelekeza mtoto. Nikakiambia, kwa sauti ya mjane, tazama, ungeniambia tu nipige tena kesho, moyo wangu ungetulia.

Kisha, kwa ile sauti yake, kikasema, "Basi mama, piga tena kesho."

Nilikishangilia mpaka wapita njia wakainama kuchungulia chini ya ngazi.

Kufikia jioni sentensi zote nne kimezishika. Nakiri kwamba zikitoka kwa sauti ile zinapendeza. Kwa mara ya kwanza nimesikia jinsi nilivyo mtaalamu.

Jumamosi, 8 Machi

Hata nyumbani siachwi.

Bomba letu la jikoni limekauka muda mrefu. Mke wangu huchota kwa jirani. Ndiyo, mimi ni mtu wa maji, najua, jirani naye huniambia hivyo hivyo. Lakini mambo haya yana utaratibu. Sikutaka kuonekana najipendelea. Suala lilikuwa linashughulikiwa, na nani kama si mimi.

Leo asubuhi wamekuja mafundi. Mlangoni kwangu! Wakafungua kifuniko cha nje, wakakuta koki ya barabarani imefungwa na mtu akaisahau, wakaizungusha, maji hayo. Hawakumaliza hata chai waliyopewa.

Nikauliza nani kawatuma. Mama mkwe akasema yeye. Siku ile ya jino alikuwa amekaa bure, akampigia Bi Upole, wakaongea. Akasema ni mwanamke msikivu sana na hakumkata maneno hata mara moja. Hapo alinitazama mimi.

Nikaanza kufafanua. Nikasema kisanduku hakikuelewa hata neno moja katika yale mazungumzo. Hakijui kiu ni nini. Hakijawahi kubeba ndoo. Kimepokea maneno upande huu, kikatoa maneno upande ule, akili iko wapi hapo?

Mke wangu akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. Akitoa pini, nyumba nzima hukaa kimya.

"Mume wangu," akasema, "kiwe na akili kisiwe na akili, mimi nina maji."

Na kweli yalikuwa yanatoka, kwa kelele ambazo nahisi hazikuwa za lazima.

Jumatatu, 10 Machi

Ushindi! Mtamu kupita ninavyoweza kuandika.

Mtu wa kwanza asubuhi alipiga kusema bomba kubwa limepasuka mtaani kwao na watu wanavuka kwa kurukia mawe. Nikakazia sikio. Bi Upole (kisanduku!) akasema, "Malalamiko yako yamepokelewa." Mtu akauliza sasa itakuwaje. "Suala lako linashughulikiwa." Mtu akapandisha sauti. "Mafundi wako njiani." Hakuna fundi aliyekuwa njiani. Hakuna fundi aliyeambiwa chochote. Nilikwenda chooni kucheka.

Siku nzima hivyo. Bwana Ghala kapita kulalamika kwamba mafundi wamejazana ghalani wanacheza karata, kazi haziteremki. Nikamwambia pole sana, labda ni ile mashine yenu yenye akili. Akaondoka bila kutaja kiti.

Namwonea Meneja huruma, atakuja kuniomba radhi na sitaki apige magoti.

Jumatano, 12 Machi

Sielewi binadamu.

Meneja ameniita ofisini. Nikaingia na uso wa kwenye msiba. Akasema mashine imebadilika. Nikasema nimeona, inasikitisha. Akasema inasikitisha kwa nini? Wateja wakijibiwa hawapigi tena siku hiyo. Magari ya mafundi yametulia. Wakubwa wa juu wameuliza, wamefurahi. Akabonyeza kitufe, akanisikilizisha. Mafundi wako njiani. Piga tena kesho.

"Unasikia?" akasema. "Ni wewe kabisa."

Nikasema si mimi. Akasema ndiyo uzuri wenyewe. Alikuwa akihofia kwamba nikihamia ghalani nitaondoka na uzoefu wangu wote, kumbe mashine imeuchota hadi tone la mwisho. Hana sababu tena ya kuwaweka wawili pale. Akaniambia Bwana Ghala ameshaarifiwa.

Mimi! Mimi na simu ya mama mkwe, chini ya ngazi, kwa jasho langu!

Hasira ikanipa ujasiri. Nikamwambia Meneja kuna kukariri na kuna kufahamu. Kile kinakariri. Mimi nafahamu. Mbele ya watu tofauti itaonekana, na kama kuna haki tupimwe. Meneja hupenda sana shughuli yenye viti vya kupanga. Akakubali palepale. Ijumaa, watu watatu kutoka kwenye foleni ya wateja watatuuliza maswali bila kutuona, kisha watasema binadamu ni yupi. Wakinitambua, meza ni yangu na kisanduku kinaondoka. Wasiponitambua, ghalani.

Wasinitambue vipi? Mimi ndiye binadamu!

Alhamisi, 13 Machi

Maandalizi. Mke wangu amesema nijibu kawaida tu, niongee nao kama ninavyoongea na watu. Nikamwuliza watu gani. Akasema ndiyo hapo.

Nimewaza kwa kina. Kisanduku kitajaribu kujifanya mtu, kitaweka mapambo. Mimi nitajibu kwa unyoofu, bila kosa, bila kusitasita, bila neno moja la ziada. Watasema, hii si kawaida, hii lazima iwe akili ya kweli.

Nimezirudia sentensi zangu mbele ya kioo. Bado zipo imara.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika kwa sababu nikisema nitapasuka.

Niliwekwa chumba cha mafaili na kibodi. Kisanduku kikabaki mezani. Maswali yanaandikwa, majibu yanatokea ukumbini kwenye skrini mbili, Wa Kwanza na Wa Pili, na Dada wa Kompyuta anayasoma kwa sauti. Mimi nilikuwa Wa Pili. Ukuta ule ni mbao, nilisikia kila kitu.

Waamuzi walikuwa dereva wa gari la taka, mama mwenye duka la maua, na wa tatu. Wa tatu alipojitambulisha nikaangusha faili. Mama mkwe! Alikuja kumshukuru Bi Upole ana kwa ana, akakutwa kwenye foleni. Hakuwa na habari kwamba aliye nyuma ya ukuta ni mimi. Kuhusu shindano sikuwa nimemwambia, kwa sababu angelisimulia jirani.

Dereva akauliza, maji ya kwake yanatoka na rangi ya chai, afanye nini? Nikaandika upesi: Malalamiko yako yamepokelewa. Dada akamsoma Wa Kwanza: "Malalamiko yako yamepokelewa." Akamsoma Wa Pili: "Malalamiko yako yamepokelewa." Ukumbi ukacheka. Sikuona la kuchekesha.

Mama wa maua akauliza, maua yake yanakufa, ajisaidie vipi mpaka maji yarudi? Wa Kwanza: "Mafundi wako njiani." Wa Pili: "Mafundi wako njiani."

"Hapa mmetuwekea mashine mbili," akasema dereva.

Meneja akamhakikishia kwamba mmoja ni mtu kabisa, ana mke na watoto. Dereva akasema anamwonea huruma huyo mke.

Ikafika zamu ya mama mkwe. Akasema yeye hana swali. Anataka tu waandikiwe wote wawili kwamba maji yalitoka, na asante.

Maneno yakatokea kwenye skrini yangu. Maji yalitoka. Asante.

Nikayatazama. Nikazipitia sentensi zangu zote nne na hakuna hata moja iliyoingia hapo. Miaka yote ile kwenye meza ile, na nakumbuka simu za kila namna, za matusi, za vilio, za watu waliopiga ili tu wapumue kwa hasira. Ya namna hii sikuikumbuka. Na kwa kuwa mimi sikuwa na jibu lake, kisanduku nacho sikuwa nimekifundisha. Kikabaki na lile lake la mwanzo.

Dada akamsoma Wa Kwanza: "Nimefurahi kusikia hivyo, mama. Yanatoka kwa nguvu, au yanadondoka tu?"

Wote walikuwa wanamsubiri Wa Pili. Nilisikia kiti kikilia, nilisikia mtu akikohoa. Lazima niandike kitu. Nikaandika.

Dada akasoma.

"Tafadhali taja namba yako ya mita."

Hawakujadili. Dereva akasema Wa Pili ni mashine. Mama wa maua akasema Wa Pili, tena ni mashine ya zamani. Mama mkwe akasema na yeye ni Wa Pili, hana shaka hata kidogo.

"Mimi nina mkwe mbishi," akawaambia. "Lakini hata yeye, asante ingemfikia."

Mlango wa mafaili ukafunguliwa ili nionyeshwe kwa watu.

Sitaandika uso wake ulivyokuwa. Alisema tu, "Ah, mwanangu," akanishika mkono, tukatoka pamoja kama watu wanaotoka hospitali.

Jumapili, 16 Machi

Nyumbani wananisemesha kwa upole, jambo linalonikera kuliko kelele. Mama mkwe amenipa kipande chake kikubwa cha nyama. Mke wangu ameniambia kwamba si mwisho wa dunia. Akasema labda nijaribu siku moja kumwuliza mtu shida yake kisha ninyamaze nimsikilize, tena haina gharama. Nikamwambia nimeelewa.

Na kweli nimeelewa. Kosa langu lilikuwa moja tu: sentensi zilikuwa chache. Leo nimekipigia kisanduku kutwa nzima, nikijifanya mteja mwenye shukrani anayesimulia tabu zilizokwisha, nikanakili kinavyosema. Pole sana, mama. Nimefurahi kusikia hivyo. Hilo linachosha, nakubaliana nawe. Uko sahihi kabisa kukasirika. Nimezikariri zote. Zimeingia vizuri.

Jumatatu, 17 Machi

Ghalani. Kiti ni kibovu kama kilivyosifiwa. Bwana Ghala amenikaribisha kwa hotuba. Akanionyesha mabomba makubwa, kisha mabomba madogo, kisha akaniuliza kama nina swali.

Kabla sijamjibu, umeme ukakatika. Jengo zima!

Nilimsikia Meneja akishuka ngazi huku akiniita kwa jina langu kamili. Kisanduku kimekufa, simu zinalia, hakuna wa kupokea. Nilinyanyuka polepole ili Bwana Ghala apate muda wa kutazama. Nikapanda juu. Nikakaa kwenye kiti changu, kikanipokea. Meneja akanisihi, wateja wamezoea sasa, niongee kama Bi Upole. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Simu ya kwanza, mama mmoja. Hana tone, ana wagonjwa wawili ndani, ameshapiga sana wiki hii na anaambiwa mafundi wako njiani. Analia kabisa. Nikamwambia, pole sana, mama. Nikamwambia, hilo linachosha, nakubaliana nawe. Nikamwambia, uko sahihi kabisa kukasirika. Akaanza kunieleza yote, ndoo, ngazi, wagonjwa, mume aliye safarini. Nikazitumia zote, na nilipozimaliza nikaanza tena kutoka juu. Mwishoni sauti yake ikawa nyepesi. Akasema leo kwa mara ya kwanza amejibiwa na kitu chenye akili. Akasema asante.

Asante! Kwangu! Nikamwambia nimefurahi kusikia hivyo. Akakata simu ametulia kabisa.

Umeme ulirudi, nikarudishwa ghalani. Lakini Meneja ametangaza kwamba kila umeme ukikatika, mimi ndiye Bi Upole. Nadhani Bwana Ghala amepoteza hamu ya kula.

Nimemsimulia mke wangu mwanzo hadi mwisho, na sauti zote nimeziigiza. Amesikiliza vizuri, pini mdomoni, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Nilipofika kwenye asante alitabasamu. Kisha akazitoa zile pini, akaniuliza, huyo mama anakaa wapi?

Sikumwuliza anakaa wapi.

Lakini aliridhika! Hilo ndilo watu wasiloliona. Kisanduku cha siku zile za mwanzo kingemkatiza katikati ya uchungu wake, anakaa wapi, tangu lini, jirani anapata, mazungumzo yote mazuri yakaharibika. Ndiyo maana nasema, na nitaendelea kusema: mashine haiwezi kuwa na akili.